Regulata haikuwa mbovu: kisa cha daiva wa Mombasa kwenye feri iliyozamishwa Kingston

Regulata, kile kifaa daiva anachopumulia hewa ya mtungi, ilimwaga hewa mdomoni mwa jamaa wetu mmoja chini ya ziwa huko Kingston, Kanada, na sasa imerudi Mombasa, fundi kaifungua mezani, kakagua oringi moja moja, kapima presha, kaifunga tena akasema hii kitu iko sawa kabisa. Basi baraza ikapitisha hukumu hapo hapo, jamaa alipanik. Wengine wakasema aa, huyo fundi ndio hajui kazi, ile regulata ni mbovu tangu zamani. Mabishano yamekwenda na kahawa na kashata mpaka sasa hata watu wasiojua kuogelea wana upande wao.

Mimi nimekaa na jamaa mwenyewe, nimeangalia rekodi kwenye kompyuta yake ya kuzamia, ile ya kuvaa mkononi inayorekodi kina na joto la maji, nimeongea kwa simu na yule mzee aliyezama naye, na maoni yangu ni kwamba pande zote mbili zimekosea. Regulata ilikuwa nzima, na jamaa hakupanik, angalau si vile watu wanavyosema. Kisa kilianza juu, kando ya boti, kabla hajalowa vizuri, na kilianza na risasi. Risasi za mkandani jamani, zile za uzito wa kumzamisha daiva, msianze kuuliza nani alipiga nani.

Jina silitaji. Amenipa ruhusa niandike kila kitu ila jina abaki nalo mwenyewe.

Kwanza mjue ni mtu wa aina gani, manake wengine wanamchukulia kama mtalii aliyebahatisha kadi ya uzamiaji. Huyu ni divemasta, kazi yake ni kupeleka wageni chini huku North Coast, Nyali mpaka Shanzu, na ile Dania anaijua gizani. Kwa wasioijua, Dania ni meli iliyokuwa ikibeba mifugo, ikazamishwa makusudi 2002 iwe makao ya samaki na mahali pa kupiga mbizi, imekaa kwenye mchanga kama mita 30 hivi. Maji ya huku ni digrii 25 mpaka 29, Kaskazi ikiwa imetulia unaona mbali, yeye anavaa wetisuti ya milimita 3 na risasi kilo 4, na regulata yake ni ile ya kawaida ya pistoni isiyozibwa, nyepesi, haina mambo mengi, imemfanyia kazi miaka bila kumuangusha. Kwa Dania hiyo regulata haina kasoro hata moja. Shikeni hapo.

Sasa dadake ameolewa Ontario, Kanada, jamaa akaenda kuwatembelea mwanzo wa Juni, na daiva akienda mahali penye maji utamzuia vipi. Akasikia Kingston, pale Ziwa Ontario linapomwaga maji kuingia mto St. Lawrence, kuna meli nyingi chini na moja yao ni feri. Feri! Mtu wa Mombasa ukimwambia kuna feri unaweza kuingia ndani kupitia pale magari yalipokuwa yakipanda, lazima ataenda. Mamake alivyosikia kwenye simu aliguna tu, kwa sababu watu wa umri wake wakisikia feri na kuzama pamoja wanakwenda moja kwa moja mpaka Mtongwe, tarehe 29 Aprili 1994, na wale watu 272. Ikabidi amueleze kwamba hii ya huko haikuzama na mtu.

Inaitwa Wolfe Islander II. Ilijengwa Collingwood huko huko Ontario, mwanzoni ilikuwa iende China kama msaada baada ya vita, haikuenda, kutoka 1946 ikawa inavusha watu na magari kati ya Kingston na kisiwa cha Wolfe, kama tu Likoni ila wao msimu wa baridi wana barafu ya kupigana nayo. Ilipokuja feri mpya miaka ya 70 hii ikastaafu, na Septemba 1985 wakaizamisha makusudi kwa ajili ya wazamiaji. Yaani ni ndugu yake Dania, ila imetangulia miaka 17. Imekaa wima, chini kabisa ni kama mita 25.

Halafu kuna kitu kinachowavuta watu kwenye meli za maji matamu ambacho sisi huku hatukijui. Kwenye bahari mbao haidumu, wale wadudu wanaotoboa mbao wanamaliza kila kitu, uliza mwenye jahazi yeyote kwa nini wazee walikuwa wanapandisha chombo mchangani na kupaka shahamu. Kwenye maziwa yale hao wadudu hawapo na maji ni baridi, kwa hiyo unakuta jahazi za milingoti za karne ya 19 bado zina mbao zake, bado unaona jinsi fundi alivyounga. Shida yao ni kome wadogo wa ganda mbili, wale wa milia kama pundamilia, waliingia miaka ya 80 mwishoni na meli kutoka Ulaya, wamejibandika kwenye kila chuma na kila ubao. Ila wanachuja maji, kwa hiyo maji yamekuwa meupe, unaona mbali. Na hilo nalo lina mtego wake, manake maji meupe yanamfanya mtu wa Mombasa ajione yuko nyumbani.

Haya, siku yenyewe.

Boti ilikuwa na watu wachache. Jua lilikuwa linawaka, hewa si baridi sana, maji juu digrii 12. Kumi na mbili kwa mtu wetu ni maji ya friji lakini jamaa alikuwa amekodi wetisuti ya milimita 7 vipande viwili, kifuani inakuwa 14 ukihesabu zote, na kofia na glavu. Mitungi akapewa, risasi akapewa, regulata akasema anayo yake. Waliangalia kadi yake, wakaona divemasta, wakafurahi, hakuna aliyemuuliza umewahi kuzama maji ya digrii ngapi. Mimi hilo silifanyi kosa kubwa la watu wa boti, ingawa swali moja lisingewagharimu kitu.

Risasi alianza na kilo 10. Hiyo ilikuwa hesabu nzuri tu, nitarudi kwayo. Akaruka majini akashika kamba ya boya, akatoa hewa yote kwenye jaketi, lile la kujazwa hewa ili uelee, hazami. Kichwa kiko juu pale pale. Akajaribu tena, hazami. Wenzake wameshateremka mita chache wanamsubiri. Hapa ndio mjiweke mahali pake, wewe ni divemasta, unawafundisha wazungu kila wiki jinsi ya kuteremka, na sasa unaelea mbele ya wageni. Kijana wa boti akamuuliza nikuongeze? Akasema niongeze. Akapewa kilo 4, akazitia mifukoni mwa jaketi, akazama.

Kilo 14. Nasema kisa kizima kiko hapo, kwenye zile 4.

Kwa nini alikuwa hazami na kilo 10? Si kwa sababu risasi zilikuwa chache. Maji ya digrii 12 yakikupiga usoni unavuta pumzi kubwa bila kutaka, na unaendelea kuvuta nusu nusu juu juu, mapafu hayatoki hewa. Tofauti ya mapafu yaliyojaa na yaliyotoka ni lita kadhaa, na lita moja ya hewa inakubeba karibu kilo moja. Ongeza hewa iliyobanwa ndani ya kofia na ndani ya suti ambayo haijalowa. Hiyo yote inaisha yenyewe ukingoja dakika moja, upulize pumzi polepole mpaka mwisho, au ujivute kwa kamba mita 3 za kwanza, kamba iko mkononi mwako jamani. Baada ya hapo suti inaanza kubanwa na maji na unateremka. Yeye nilivyomuuliza mbona hukujivuta, akacheka akasema, "Ami, mimi nijivute kwa kamba kama mtoto wa kozi?" Basi. Sio panik hiyo, ni ile heshima ya fundi mbele ya watu, na heshima imewahi kuua watu wengi zaidi ya papa.

Na kuhusu maji matamu yenyewe, watu wanakumbuka nusu. Maji ya bahari lita moja ni kama gramu 1,025, maji matamu ni 1,000, tofauti ni asilimia 2.5. Jamaa na vyombo vyake vyote ni kama kilo 110, kwa hiyo kwenye ziwa anahitaji risasi pungufu kwa kilo 2 na nusu hivi kuliko angehitaji baharini na suti ile ile. Anaijua hiyo, wanaifundisha. Ila suti si ile ile, suti nene inaelea sana, ndio maana kutoka kilo 4 za Dania kwenda 10 za Kingston ilikuwa sawa. Kinachosahaulika ni kwamba suti nene inaelea sana juu tu. Ndani yake ni vijipovu vya hewa, ukifika mita 21 presha imeshakuwa mara 3 ya juu, vile vijipovu vimebaki kama theluthi. Kama juu suti ilikuwa inakubeba kilo 9, chini inakubeba 3 hivi. Hizo 6 zimepotea, ongeza 4 za kijana wa boti, una kilo 10 zinazokuvuta na hakuna kinachokushikilia ila jaketi. Namba za suti ni za kukisia, kila suti na yake, lakini hesabu inakwenda hivyo.

Kompyuta inaonyesha wazi. Mpaka mita 9 anateremka polepole, digrii 12, baadaye 11. Halafu mstari unakatika, kutoka mita 9 mpaka 21 alitumia sekunde zisizofika 40, na hapo katikati digrii zikashuka mpaka 6. Maziwa yale yako hivyo, maji ya juu yamepashwa na jua, chini yake kuna tabaka jingine la baridi, na mpaka wao ni mwembamba hata unaweza kuweka mkono juu ya mstari ukahisi mabwawa mawili. Maji matamu yakiwa digrii 4 ndio mazito kuliko yote, kwa hiyo ile baridi inakaa chini haitoki. Bahari yetu nayo ina tabaka lakini kutoka 28 kwenda 25 nani atalia.

Kwa hiyo picha ni hii, anaanguka, suti imebanwa, uso umepigwa na digrii 6, anavuta pumzi kwa nguvu, na anafanya kile kila mmoja wetu angefanya, anabonyeza infleta, kile kifungo cha kujaza jaketi kwa hewa ya mtungi. Anaibonyeza na haiachii, kwa sababu kilo 10 hazibebwi na pumzi moja ya infleta. Anajaza jaketi na anavuta pumzi wakati mmoja, vyote viwili kutoka kichwa kimoja cha regulata, yaani ile sehemu inayofungwa kwenye mtungi, kwenye kina ambacho kila pumzi ni hewa mara 3 ya juu.

Ndani ya kile kichwa, kile kichuma kinachofungwa kwenye mtungi, hewa inatoka bar karibu 200 inashuka mpaka kama bar 10 zaidi ya presha ya maji yaliyokuzunguka. Hewa ikipanuka ghafla hivyo inapoa vibaya sana, inakwenda chini ya sifuri. Ushawahi kufungua mtungi wa gesi haraka ukaona umande umeganda? Ndio hiyo hiyo. Huku kwetu kile chuma kimezungukwa na maji ya digrii 27 kwa hiyo kinapashwa muda wote, na hata kingepoa, maji ya chumvi yanaganda kwenye karibu hasi 2. Kule maji ni 6, na maji matamu yanaganda kwenye sifuri bila kujadiliana. Pistoni isiyozibwa inaruhusu maji kuingia kwenye chumba cha springi, ndivyo ilivyotengenezwa ili ihisi kina. Yale maji yakaganda pale kwenye springi, barafu ikashika pistoni ikiwa wazi, presha ikapanda kwenye mpira, na ile ya mdomoni haiwezi tena kufunga. Ikaanza kumwaga hewa. Na ikishaanza kumwaga hewa inapita zaidi, chuma kinapoa zaidi, barafu inazidi. Haijifungui yenyewe mpaka mtungi uishe au mtu aufunge.

Anasema alipofika kwenye sitaha ya feri ndio ililipuka mdomoni. Povu usoni, hasikii kitu, haoni geji.

Na hapa naomba watu wa panik wasome polepole. Hakuitupa ile regulata. Aliilegeza mdomoni, akainamisha kichwa upande, akawa anakunywa hewa pembeni mwa midomo huku nyingine inakwenda zake, vile tunavyofundishwa kwenye kozi ya kwanza kwenye bwawa la hoteli na hakuna anayerudia tena maishani. Akamtafuta mzee, akampa ishara. Mzee alikuwa mita 3 nyuma yake kwenye kamba, alikuwa tayari anamfuata kwa sababu alimuona anaanguka. Mtungi ulishuka kutoka bar 170 mpaka 70 katika muda ambao mzee anasema haukufika dakika 2. Kwa mtungi wa alumini wa lita 11 hizo ni lita 1,100 za hewa zimekwenda juu na mapovu. Mtu aliyepanik hawezi kunywa hewa kutoka kwenye mfereji ule.

Kosa alikaribia kulifanya baadaye. Mkono ulikwenda kwenye kifungo cha mkanda, atupe risasi. Mzee akamshika mkono. Nimesikia pale barazani mtu akisema mzee alikosea, kwamba kanuni ni kutupa uzito. Kanuni ya juu ya maji, ndio. Ukiwa mita 21 na jaketi umelijaza nusu na suti ya 14 ambayo itavimba tena kila mita unayopanda, ukitupa mkanda mzima unakwenda juu kama kizibo, na pumzi uliyoishika inakupasua mapafu kabla hujafika. Mzee alikuwa sahihi na sina la kuongeza hapo.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo mimi inaninyima usingizi kuliko ile barafu. Mzee alimpa hewa yake. Sisi wote tunasema, si ndio kawaida, badi, yaani mwenzako wa kuzama naye, anakupa oktopasi, ile ya mdomoni ya pili ya akiba, mnashikana mnapanda. Lakini mzee yule alikuwa na mitungi 2 mgongoni, kila mmoja na kichwa chake, na mpira mrefu wa kama mita 2. Alimpa jamaa ile ya mpira mrefu, yeye akashika ya pili ya shingoni, kwa hiyo kila mtu anavuta kutoka kichwa tofauti. Tuseme angekuwa na seti kama zetu, kichwa kimoja, ya mdomoni na ya njano. Watu wawili walioshtuka, wanahema, kwenye digrii 6, wote kutoka kichwa kimoja. Hiyo ni hewa mara mbili kupitia chuma kile kile, yaani unarudia jaribio lile lile lililogandisha regulata ya kwanza, na safari hii ikiganda hakuna wa tatu wa kumuomba. Kule wanaozama maji baridi hilo wanalijua, ndio maana wanabeba vichwa viwili au mtungi mdogo wa pembeni. Huku sisi tunafundisha oktopasi kama ndio mwisho wa maneno, na kwa Dania ni kweli, mimi mwenyewe nitaendelea kuifundisha. Ila tusimtume mtu ulimwenguni akidhani ni sheria ya maji yote.

Jamaa alipokuwa tayari anapumua hewa ya mzee, mzee akazungusha vali ya mtungi wa jamaa akaufunga. Kimya. Faida mbili, hewa iliyobaki imeokolewa, na barafu inapata nafasi ya kuyeyuka, manake maji ya digrii 6 ni moto kwa barafu. Hasara moja, mtungi ukifungwa infleta nayo imekufa, na bado ana zile risasi zote. Ndio hapo kamba ya boya ikawa kila kitu. Walishika kamba wote wawili, wakapanda kwa mikono, taratibu, mara mbili tatu jamaa akapuliza jaketi kwa mdomo kati ya pumzi na pumzi. Hiyo nayo ni ya kozi ya kwanza. Nilimuuliza mara ya mwisho aliifanya lini, akasema siku ya mtihani.

Mita 5 wakasimama dakika 3 kwa sababu mzee hewa alikuwa nayo tele. Hawakuwa na deni lolote la kusimama, yaani kule kusimama kwa lazima ili gesi itoke mwilini taratibu, walikaa chini muda mfupi sana, lakini mzee ni mzee. Na pale pale mzee akafungua tena ule mtungi kidogo kidogo, akasikiliza, akampa ishara ajaribu. Regulata ikafanya kazi kama hakuna kilichotokea. Kompyuta inasema kila kitu kuanzia kuzama mpaka kutoka kilikuwa dakika 14.

Mnaona basi kwa nini fundi wa Mombasa hakukuta kitu. Atakuta nini? Ushahidi uliyeyuka palepale mita 5 Kingston. Ungempa fundi yeyote duniani aifungue kwenye joto la digrii 30 angekwambia ni nzima, na angesema kweli. Ila kuna kitu kimoja kilikuwa mbele ya macho yake, na mimi nilikiona kwa sababu nilikuwa nakitafuta. Kwenye mwili wa kile kichwa pameandikwa herufi ndogo sana, EN250, halafu >10°C. Ni kipimo cha Ulaya. Regulata inayotakiwa kutumika kwenye maji ya chini ya digrii 10 lazima ijaribiwe kwenye maji ya digrii 4, isiyopita au isiyojaribiwa inapigwa hiyo alama, kwamba mimi ni wa maji ya juu ya 10 tu. Imeandikwa kwenye chuma! Jamaa amekuwa nayo miaka yote hajawahi kuisoma, fundi ameisafisha mara ngapi hajawahi kuisoma, na mimi nilipofika nyumbani nikachukua yangu na tochi.

Kwa hiyo kama ni kugawa lawama, mimi regulata naipa sehemu ndogo. Watu wamezama na regulata kama ile kwenye digrii 7 au 8 wakatoka salama, kwa sababu walipumua taratibu na infleta waligusa kidogo kidogo, wakibonyeza kati ya pumzi na si pamoja na pumzi. Aliyesukuma ile regulata mpaka ikaganda ni ule mkono ulioganda kwenye infleta, na mkono ulikuwa kwenye infleta kwa sababu ya zile kilo 4. Mzee tulipoongea alikuwa na mawazo tofauti kidogo, yeye anasema regulata ya namna ile isingefaa kupanda boti hata kidogo, risasi au bila risasi, na kama angeiona angemuazima yake. Anaweza kuwa sawa. Ila nikimuuliza jamaa ni kitu gani angebadilisha kama angeruhusiwa kimoja tu, naye anasema risasi.

Baraza lilitaka kujua pia kama kompyuta ilimdanganya, kwa sababu ilikuwa kwenye chumvi badala ya maji matamu. Haikumdanganya. Kompyuta inapima presha, mita ni tafsiri yake tu, ikiwa kwenye chumvi itakuonyesha 21 na kwa kamba ni 21 na nusu. Hilo tuliache.

Ambalo tusiliache ni la vijana wa hapa ambao wanaweza kuitwa kazi Ziwa Victoria, kukagua gati au kufungua kamba kwenye rafadha. Kule barafu hakuna, maji ni ya joto kama ya kwetu au pungufu kidogo, regulata yoyote nzima itafaa. Lakini ni maji matamu, na kwa kuwa suti haibadiliki, zile kilo 2 na nusu zinatoka kweli kweli, ukienda na mkanda wako wa Dania utajikuta kwenye tope. Na lile ziwa liko mita 1,134 juu ya bahari, majedwali ya kuzama tuliyosomea, yale ya kukuambia ukae chini muda gani, ni ya usawa wa bahari na kuanzia mita 300 yanahitaji marekebisho, kwa hiyo hakikisha kompyuta yako inajua iko wapi au tafuta majedwali ya mwinuko kabla hujapanda basi. Kuona mbali kule usahau.

Jamaa anarudi Ontario, dadake anajifungua, na feri anaitaka tena, safari hii mwisho wa Agosti maji yakiwa yamepata joto, regulata atakodi ya huko iliyozibwa. Tumebishana kuhusu risasi. Mimi nasema aanze na kilo 9, aelee na jaketi tupu akiwa na nusu pumzi, maji yakimfika machoni basi amepata, na mtungi ukiwa unakaribia kuisha arudie, manake wa alumini ukiwa mtupu unaelea. Yeye anataka 10 zile zile. Nimemwambia mwanangu 10 sawa, lakini mita 3 za kwanza ujivute kwa kamba, na akitokea kijana wa boti kukuuliza nikuongeze, mwambie asante.